Je, wajua kwa nini mapango ya Rogue, mchezo wa zamani wa kompyuta, hayakujirudia?

Kwa miaka mingi ningekujibu bila kusita: kwa sababu disketi, ile sahani ya kuhifadhia mchezo, ilikuwa imejaa mapango. Ndivyo nilivyoamini tangu utotoni, Shangani, Mtwara, mbele ya kompyuta ambayo mjomba aliitumia mchana kwa hesabu za korosho na jioni akatuachia mimi na dada. Umeme wa mji ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, gesi ya Mnazi Bay ikiwa bado chini ya ardhi, na ukikatika, safari yetu imekufa. Tukiwasha tena tunakuta pango jipya. Dada akaanzisha daftari la kuchora kila pango tulilolipitia: vyumba, milango, ngazi. Tuliamini tukichora kwa bidii, siku moja tutayamaliza.

Rogue ni mchezo wa kumwongoza mtu mmoja ashuke chini ya ardhi, ghorofa baada ya ghorofa hadi ya 26, atwae Hirizi ya Yendor na kupanda nayo hadi juu. Waliouanzisha mwaka 1980 hivi ni Michael Toy na Glenn Wichman, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz. Ken Arnold wa Berkeley aliungana nao baadaye, na toleo la PC likafuata. Maadui ni herufi tu. B ni popo, D ni joka. Ukifa, unaanza upya kabisa.

Sasa tupige hesabu ambayo sisi hatukuipiga. Skrini ya mchezo ina safu 80 kwa mistari 24, yaani herufi 1,920, kila moja ikichukua baiti moja. Disketi pana ya wakati ule ilibeba KB 360, yaani baiti 368,640. Gawanya: unapata ramani 192 kamili. Kushuka mara moja hadi chini kunahitaji ramani 26, kwa hiyo disketi nzima ingetosha safari saba tu, na programu yenyewe bado haijapata pa kukaa. Utasema ramani zinaweza kubanwa, na ni kweli, maana sehemu kubwa ya skrini ni giza tupu. Haya, tuzibane mara kumi. Ni safari sabini na kitu. Watoto wawili wenye likizo ndefu wangezimaliza, na daftari la dada lingeanza kuonyesha mapango yale yale. Halikuonyesha.

Nilipokuwa mkubwa nikajisahihisha kwa kosa jingine: nikasema basi kompyuta inabahatisha. Hili ndilo linalowashika wengi, na ndilo lililonivutia kuliko yote nilipourudia mchezo huu. Mashine ile haina kete za kurusha wala kura za kuchanganya kwenye kofia. Inajua kujumlisha, kuzidisha na kugawanya, na hesabu ileile huipa jibu lilelile leo na kesho. Bahati inatoka wapi?

Fikiria bao. Mashimo 32, kete 64. Mchezaji anachota kete za shimo moja, anazisambaza moja moja, ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete anachota tena na kuendelea, mpaka ifikie shimo tupu alale, yaani zamu yake iishe. Aliyesimama pembeni hawezi kusema mkono ule utalala wapi. Unazunguka, unarudi, unakula, unazunguka tena. Lakini hakuna bahati hata chembe. Panga kete vilevile, anzia shimo lilelile, uelekee upande uleule, na mkono utalala palepale hata ukirudia mara mia. Ni jambo lenye kanuni kamili ambalo macho hayawezi kulitabiri.

Kompyuta hufanya hivyo kwa namba. Chukua namba, izidishe kwa 5, jumlisha 3, gawanya kwa 16, ushike baki. Ukianza na 1 unapata 8, halafu 11, 10, 5, 12, 15, 14, 9, 0, 3, 2, 13, 4, 7, 6, na kurudi kwenye 1. Namba zote kumi na sita zimetokea mara moja moja, kwa mpangilio unaoonekana hauna mpango. Kanuni halisi za michezo hutumia namba kubwa zaidi: namba ya biti 32, yaani yenye nafasi 32 za 0 au 1, inaweza kuwa na thamani 4,294,967,296 tofauti. Kila namba inayotoka inapewa kazi. Skrini ya Rogue imegawanywa viwanja tisa, vitatu kwa vitatu. Namba moja inasema chumba cha kiwanja hiki kiwe na upana gani, nyingine mlango ukae wapi, nyingine kama kutakuwa na chumba kabisa au njia tu. Kisha vyumba vinaunganishwa jirani kwa jirani, asibaki mtu amefungiwa.

Ile namba ya kwanza huitwa mbegu, na kwa kawaida huchukuliwa kwenye saa ya kompyuta. Ndiyo sababu kila tukiwasha tulipata pango jipya: saa ilikuwa imesogea. Disketi haikuwa na pango hata moja. Ilikuwa na kanuni ya kulichimba.

Siku hizi yapo matoleo yanayokuruhusu kuandika mbegu mwenyewe. Dada sasa yuko Lindi, kilomita mia moja hivi kutoka hapa. Nilimpigia, tukahakikisha toleo letu ni moja (kanuni ikitofautiana kidogo tu, mbegu haisaidii), tukaandika 1980 kila mtu kwake. Chumba kilekile, mlango kusini, popo yuleyule. Dada alipiga kelele nikasogeza simu mbali na sikio.

Tukateremka ghorofa ya pili. Mapango mawili tofauti kabisa!

Ilinichukua jioni nzima kuelewa. Mkondo wa namba ni mmoja tu kwa kila kitu. Ukipiga pigo, namba inatumika kuamua kama limempata adui. Popo akirukaruka, namba inatumika. Dada alimpiga popo mara tatu, mimi mara mbili. Tulipofika kwenye ngazi, yeye alikuwa ametumia namba nyingi kuliko mimi, na ghorofa mpya ikachimbwa kwa namba zinazofuata. Ni kama wachezaji wawili wa bao walioanza na mpangilio mmoja, kisha mmoja akachota shimo la jirani.

Tulirudia tukihesabiana kwa simu: kushoto tatu, chini mbili, piga, piga tena. Mara ya kwanza nilikosea hatua moja. Mara ya tatu tulishuka pamoja, na dada akanitumia picha ya ukurasa wa daftari, mistari ya kalamu, ngazi kwenye pembe ya kulia juu. Kwenye skrini yangu ilikuwa palepale.