Kaa Kitako, Bahari Itakuletea Ndege

Kila nikitangaza safari ya kutazama ndege kwenye mlango wa Mto Sabaki, hapa kaskazini mwa Malindi, swali la kwanza huwa ni tutatembea umbali gani. Siku hizi najibu kwamba hatutembei. Tunakaa kitako mahali pamoja mchana mzima, na tunaona ndege vizuri kuliko zamani, nilipokuwa nikiwakokota watu juu ya vilima vya mchanga mpaka ulimi nje.

Aliyenizindua ni shangazi yangu. Magoti yake yameshamgomea, na siku niliyomwalika tulimwacha garini na chupa ya chai, sisi tukavuka mchanga. Tuliporudi akaniuliza, "Sasa mwanangu, mimi umenileta kuja kutazama usukani?"

Wamarekani wana mchezo wao wa kila Oktoba unaoitwa Big Sit, ulioanzishwa na klabu ya watazama ndege ya New Haven, Connecticut. Unachora duara lenye upana wa futi 17, mita tano na kitu, na ndege huhesabiwa ikiwa tu umemwona au umemsikia ukiwa ndani yake. Sisi duara tunalichora kwa kisigino. Sheria yao haisemi lolote kuhusu maji. Ya kwetu inaanzia hapo.

Maji yakipwa, vitwitwi na sululu hutawanyika kwenye matope na mafungu ya mchanga kutafuta minyoo na kaa wadogo. Ukiwa na darubini ya kawaida utaona vinukta. Yakianza kujaa, chakula kinafunikwa na nafasi inabana, nao wanasogea kidogo kidogo mpaka wasongamane kwenye mafungu machache yaliyobaki makavu, pamoja na shakwe na buabua. Ukikaa mkabala na fungu la namna hiyo, huna haja ya kumfuata ndege. Ndiyo maana nasubiri bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu; maji mafu, yanayojaa kidogo tu, hayawasukumi vya kutosha. Tena bamvua ya pwani hii ina adabu zake: hujaa mnamo saa kumi alasiri, bahari ikiwa mbele yetu na jua limeshahamia mgongoni, kwa hiyo unaona rangi za manyoya, si vivuli vyeusi. Saa saba na nusu nataka kila mtu awe ameshakaa, chini ya turubai.

Msimu mzuri ni kuanzia Oktoba, upepo wa kusi ukishapoa na wageni wa Siberia wakishafika. Kusi ikivuma, teleskopu hutetemeka kama ina homa. Ila nakiri kwamba ndege ninayempenda kuliko wote huja na kusi hiyo hiyo: mdogo, mwepesi, anaruka kama mbayuwayu, na kwao ni Bukini, yaani Madagaska; Wazungu humwita Madagascar pratincole. Kwa ajili yake nafunga jiwe kwenye stendi na kuvumilia.

Mahali penyewe pawe na ardhi ngumu inayofikika kwa gari. Mchanga laini humeza yale magurudumu madogo ya mbele ya kiti, kwa hiyo hubeba vipande viwili vya plaiwudi. Mwenye kiti cha magurudumu simweki mwisho wa safu kama mgeni asiyealikwa. Naacha pengo katikati. Teleskopu nataka ile yenye jicho lililopinda kwenda juu, na naiweka kimo cha aliyekaa. Aliyesimama ataweza kuinama, aliyekaa hawezi kurefuka. Mguu mmoja wa stendi naupeleka mbele, miwili naitanua, ili magoti na magurudumu yapite kati.

Na choo. Watu wazima hukataa hata kunywa maji kwenye jua kali kwa kuogopa kuuliza choo kiko wapi, basi nakitaja mimi mwenyewe kabla hatujatoka mjini: kiko wapi, kina ngazi ngapi, mlango wake una upana gani. Pasipo na choo sipeleki watu.

Jambo moja lilinishinda mwanzoni. Vitabu vya Kizungu hufundisha kuelekeza kwa uso wa saa. Nikasema, "Heroe, saa tatu!" Nusu ya watu wakageukia kulia, kwenye namba tatu. Nusu wakageukia kushoto, kwa sababu saa tatu yetu mshale mfupi uko kwenye tisa. Heroe wakaenda zao. Sasa naelekeza kwa vitu: kushoto kwa ngalawa, juu ya lile gogo, upande wa kibla.

Safari iliyopita tulikuwa na mzee asiyeona, na ndiye aliyemnasa sululu mdogo kabla ya wenye darubini wote, kwa ule mluzi wa haraka, ti-ti-ti-ti-ti-ti-ti. Aliandikwa, maana kusikia ni kuona. Dereva wetu hakuwa na bahati hiyo. Alimwona furukombe akiwa nje ya duara, ameenda kuchukua mahamri garini. Akarudi mbio akipiga kelele, lakini ndege alikuwa ameshapotelea nyuma ya mikoko. Shangazi, ambaye siku hizi ndiye karani wa orodha, akafunika kalamu.

"Mie siku ile nilingoja garini," akamwambia. "Na huyo furukombe wako angoje."