Utupaji wa chakula si upotevu wa chakula

Katika midahalo ya wanafunzi hapa Mtwara maneno haya mawili hubadilishana nafasi ovyo, na kila yanapobadilishana lawama inamwangukia asiyehusika.

Kwa matumizi ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, upotevu ni chakula kinachoharibika tangu kuvunwa au kuvuliwa hadi kabla ya kufika kwa muuzaji wa rejareja. Utupaji huanzia kwa muuzaji huyo, ukapita migahawani, ukaishia nyumbani. Basi.

Kwa hiyo samaki aliyeoza kwenye soko la Feri kwa kukosa barafu kabla muuzaji wa rejareja hajamnunua ni upotevu. Mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, yanayoachwa chini ya mikorosho, kama tunakubali kwamba ni chakula (nami nakubali kabisa), ni upotevu pia. Mchicha ulionyauka chumbani kwa mwanafunzi aliyepanga mtaa wa Shangani ndio utupaji wa kaya. Chumba hicho ni kaya, hata kama kina sufuria mbili tu.

Linaloniudhi zaidi ni kauli kwamba anayekula vizuri hatupi chakula. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kinyume: waliokula mlo bora zaidi ndio waliotupa zaidi, na mboga na matunda vilichukua asilimia 39 ya kilichotupwa. Sababu haijifichi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na hivyo ndivyo vinavyowahi kuoza. Biskuti hukaa wiki nyingi kabatini. Embe bivu kwa joto letu, bila friji, halingoji.

Kununua mboga, basi, hakujawa mazoea ya kula kwa afya. Mazoea yamo katika kununua fungu moja badala ya matatu, kupika kisamvu siku kilipotwangwa, na kushirikiana chungu na jirani wa chumba cha pili.

Halafu kuna kiporo. Kiporo si taka mpaka kimwagwe. Lakini wali uliolala nje ya friji usiku kucha huweza kuwa na sumu ya bakteria isiyokufa kwa kupashwa moto, kwa hiyo mwanafunzi anayeumwaga asubuhi analinda tumbo lake, wala asiitwe mharibifu. Kosa lilitokea jioni, alipopima mchele wa watu watatu akiwa peke yake. Hapo ndipo afya na utupaji vinapokutana, kwenye kipimo cha mchele, na wazungumzaji wengi wanapapita mbio.

Jambo la mwisho, kwa wanaopenda kutaja kilo 79 za UNEP, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Hizo ni wastani wa dunia wa chakula kilichotupwa na kaya kwa kila mtu kwa mwaka 2022, na ndani yake yamo maganda na mifupa. Ukizitaja mbele ya wanafunzi, tafadhali usiwaambie kwamba kila mmoja wao ametupa kilo 79 za chakula kizuri.