Kisoma skrini ni nini?

Kisoma skrini ni programu inayotamka yaliyomo kwenye kompyuta, ili asiyeona au mwenye uoni hafifu aitumie bila kutazama kioo. Jina lenyewe linapotosha kidogo, maana programu hii haina macho. Inauliza mfumo wa kompyuta: hapa pana nini, kinaitwaje, kimewashwa au kimezimwa? Jibu inalitoa kwa sauti, au kwenye kifaa cha nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa kugusa na vidole.

Hilo nililielewa dukani, nachapa barua za watu pale Isevya, Tabora. Kijana asiyeona alikuja na laptopu yake, eafoni kaweka sikio moja, la pili kaniachia mimi. Ametumiwa tangazo la kazi. Kalifungua mwenyewe, kabonyeza mshale wa chini, katulia. "Kaka, hapa inasema picha tu." Kweli, ilikuwa karatasi iliyopigwa picha kwa simu, muhuri na sahihi vyote vipo. Mimi naona aya tatu. Kwa laptopu yake ni kitu kimoja kisicho na neno hata moja ndani. Nikalichapa upya. Akalisikiliza kwa kasi ambayo mimi sikuambulia kitu.

Windows ina kisoma skrini chake tayari, Narrator: bonyeza Ctrl, kitufe cha Windows na Enter kwa pamoja, inaanza kuongea, rudia, inazima. Mac ina VoiceOver. JAWS inalipiwa. Yule kijana alitumia NVDA, ya bure, iliyoanzishwa 2006 na Michael Curran wa Australia, naye haoni. Humo Insert ndiyo usukani: Insert na T hutaja jina la dirisha ulilomo. Kwenye tovuti, H hukurusha kichwa cha habari hadi kingine. Mimi ningemfundisha mgeni Ctrl kwanza, kwa sababu ndiyo inayoinyamazisha.

Lugha nayo uipange. NVDA huja na sauti za eSpeak NG, Kiswahili kikiwemo. Inaongea kama mtu aliye ndani ya debe, lakini silabi zinatoka zilivyoandikwa. Ukiiachia sauti ya Kiingereza isome barua ya Kiswahili, utaomba urudishiwe debe lako.

Kabla hajaondoka aliniomba nibadilishe na jina la faili. Nilikuwa nimeliacha na tarakimu zilizotoka kwenye simu, na kila akipita hapo ilibidi azisikilize.