Tunu Binafsi Unapoanzisha Biashara: Dhana Potofu na Ukweli

Anayeanzisha biashara huhangaikia mtaji, bidhaa, leseni na wateja, na ana kila sababu ya kuhangaika. Tunu zake binafsi, yaani yale anayoyathamini kiasi cha kukubali hasara kuliko kuyaacha, hubaki kichwani bila kutajwa kwa sababu ya mawazo machache yaliyozoeleka, ambayo naona yanastahili kupingwa waziwazi.

Dhana potofu: Tunu zinaweza kusubiri mpaka biashara ikue.

Ukweli ni kwamba biashara changa ndiyo inayozihitaji zaidi, kwa kuwa mwenye biashara ndiye muuzaji, ndiye mhasibu na ndiye anayepokea malalamiko, wala hana bodi ya kumzuia. Chukua mfano wa mteja mkubwa wa kwanza, ambaye ameshalipa, kisha anainama kwenye kaunta na kuomba kwa sauti ya chini aandikiwe risiti ya kiasi kikubwa kuliko alichotoa, maana fedha hizo atarudishiwa na mwajiri wake. Kalamu iko mkononi, kitabu cha risiti kimefunguliwa, na kodi ya pango bado haijalipwa. Hapo hakuna nafasi ya kutafakari maana ya uadilifu. Ama jibu liliamuliwa zamani, ama shida ndiyo itakayoamua. Akikubaliwa mara moja, mwezi ujao atarudi akitegemea vilevile, na kumkatalia wakati huo kutakuwa kugumu zaidi. Samaki mkunje angali mbichi.

Dhana potofu: Tunu ni maneno mazuri ya kubandika ukutani.

Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ilijitangazia tunu nne: heshima, uadilifu, mawasiliano na ubora. Desemba 2001 ilifilisika, baada ya kubainika kwamba hesabu zake zilificha madeni makubwa. Maneno yenyewe hayakuwa na kasoro, ila hayakumzuia mtu kufanya jambo lolote. Ndiyo maana ni bora tunu iandikwe kama sentensi yenye kitendo ndani yake: badala ya “uaminifu”, andika “sitaandika risiti ya fedha ambayo sikuipokea”, badala ya “kujali wafanyakazi”, andika “mishahara italipwa kabla sijachukua changu”. Sentensi ya namna hii inaweza kuvunjwa, na ikivunjwa kila mtu ataona.

Dhana potofu: Tunu zikiwa njema zote, hazitagongana.

Hapa ndipo wengi hukwama, tena watu wenye nia safi kabisa. Mwanasaikolojia Shalom Schwartz, katika nadharia aliyoichapisha mwaka 1992, alizipanga tunu kumi za msingi katika duara: zilizo jirani husaidiana, na zinazotazamana huvutana. Kutafuta mafanikio binafsi huvutana na kuwajali wengine, na kupenda uhuru na mambo mapya huvutana na kutaka usalama. Mtu aliyeacha ajira ili awe huru, huku akiwa na familia inayomtegemea, anaujua mvutano huo hata kama hajawahi kusikia nadharia yoyote. Ameahidi kukabidhi kazi kesho asubuhi, na usiku huohuo mtoto anapandwa na homa. Kutimiza ahadi ni tunu, na kuwa karibu na familia ni tunu pia. Orodha ya maneno kumi hailitatui jambo hilo. Kinachosaidia ni kuchagua tatu au nne, kuzipanga kwa uzito, na kuamua mapema ipi itatangulia zikikutana, ili kwa mfano huyu mzazi asiahidi kamwe tarehe isiyomwachia hata siku moja ya dharura.

Dhana potofu: Ukishika tunu zako, faida itakuja yenyewe.

Wahamasishaji hupenda kusema hivyo, lakini si kweli kila mara. Yvon Chouinard, Mmarekani ambaye baadaye alianzisha Patagonia, kampuni ya mavazi ya michezo ya nje, alikuwa akitengeneza misumari ya chuma ya kupigiliwa kwenye miamba na wakwea milima, na hiyo ndiyo iliyokuwa nguzo ya biashara yake. Alipoona kwamba inaharibu miamba aliyoipenda, aliamua kuiacha hatua kwa hatua, na mwaka 1972 akaleta vifaa vya alumini vinavyochomekwa kwa mkono bila kupigwa nyundo. Vifaa hivyo vilipendwa, lakini alipofanya uamuzi hakuwa na hakika yoyote. Wapo wanaoamua kama yeye wakapoteza wateja wasiorudi, na ni haki kwa anayeanza kuambiwa hivyo.

Dhana potofu: Rafiki yangu na mimi tunathamini mambo yaleyale.

Urafiki hauonyeshi mtu atafanya nini na faida ya kwanza. Kabla ya kusajili biashara, kila mmoja aandike peke yake majibu ya maswali machache: faida ya mwaka wa kwanza tuigawane au tuirudishe kwenye biashara? Mteja akizidishiwa bei kwa makosa yetu na asijue, tunamwambia? Ndugu akiomba kazi asiyoiweza, anajibiwa nini? Kisha karatasi zilinganishwe, na pale majibu yanapotofautiana pazungumzwe hadi pafikiwe neno moja la kuandikwa kwenye mkataba wa ubia.