Chipsi, akrilamaidi na misuli: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana: Akrilamaidi ni kemikali ya viwandani, chipsi za kijiweni hazina.

Akrilamaidi iliyomo kwenye chipsi haikutiwa na mtu. Kiazi kina sukari na asidi amino (kijenzi cha protini) iitwayo asparajini. Vikikutana kwenye moto uliozidi nyuzi 120, unyevu ukiwa mdogo, inazaliwa humo humo kikaangoni. Kiazi cha kuchemsha kimesalimika, kwa kuwa maji yanayochemka hayavuki nyuzi 100.

Kweli viwanda huitumia, na ndiko ilikofumaniwa. Mwaka 1997 ilivuja kutoka kwenye dawa ya kuzibia nyufa katika handaki la reli la Hallandsås, Sweden. Samaki wakafa, ng'ombe wakapooza. Damu za wafanyakazi zilipopimwa pamoja na za watu wasiowahi kukanyaga handakini, hata hawa wa pili walikutwa na alama zake! Msako ukaishia jikoni, na Aprili 2002 Sweden ikatangaza kwamba imo chakulani.

Dhana: Ubaya wake ni saratani tu.

Ushahidi wa saratani umetoka zaidi kwa wanyama. Kwa binadamu, kilicho wazi ni mishipa ya fahamu: wafanyakazi walioishika kwa wingi walipata ganzi na miguu kulegea.

Misuli ina habari yake. Uzi wa msuli huundwa na seli changa nyingi zinazoungana kuwa kitu kimoja. Maabarani, seli hizo za panya zikiwekewa akrilamaidi, kuungana huzorota.

Dhana: Basi sahani ya chipsi inakula misuli.

Taratibu, ndugu zangu wa jimu. Seli ya kwenye kisahani huogeshwa kemikali hiyo moja kwa moja, haina ini wala figo za kuisaidia. Mlaji hupata mikrogramu tu, yaani sehemu za milioni za gramu. Mimi ningewaza zaidi kuhusu wajawazito, maana akrilamaidi huvuka kondo la nyuma. Utafiti wa mama 1,101 na watoto wao katika nchi 5 za Ulaya, uliochapishwa 2012, ulihusisha kiwango kikubwa cha akrilamaidi na uzito mdogo wa kuzaliwa. Ni uhusiano, haukuthibitisha chanzo, na misuli haikupimwa.

Dhana: Chipsi kavu, za kahawia, ndizo zimeiva.

Zimepitiliza. Loweka vipande majini, vikaushe kwa kitambaa, viopoe vikiwa rangi ya dhahabu. Muuzaji akiuliza, "Nikaushe?", mwambie inatosha.