Marekani hailipi kila ng'ombe aliyekufa

Hapa Goma, wafugaji waliokimbia Masisi husema: "Kule Marekani ng'ombe akifa, serikali inalipa bei yote." Sivyo. Mpango wao wa fidia ya mifugo, uliofanywa wa kudumu na sheria ya kilimo ya 2014, kwa vifo vya hali mbaya ya hewa hulipa asilimia 75 ya bei ya wastani ya soko, tena kwa vifo vinavyozidi vile vya kawaida tu. Chanzo kiwe, kwa mfano, dhoruba, mafuriko au joto kali. Uzee haumo. Na mfugaji alete ushahidi: picha, hesabu ya kundi, karatasi ya daktari wa mifugo.

Mama mmoja aliyenyang'anywa ng'ombe tisa vitani aliniuliza angelipwa ngapi huko. Iliniuma kumjibu: mpango ule haufidii vita.