Ushindi wa mkimbio mmoja nyumbani si moyo, ni kanuni

Kila wenyeji wakishinda mechi ya besiboli dakika za lala salama (besiboli haina dakika, lakini mmenielewa), lazima atokee mtu wa kuniambia: "Unaona? Nyumbani tunashinda mechi za mkimbio mmoja kwa sababu vijana wana moyo." (Mkimbio ndio pointi ya besiboli: mchezaji amezunguka besi zote na kurudi ya nyumbani.) Kazi yangu ni kuchambua takwimu za mchezo huu. Juzi nimeambiwa tena hayo na shabiki wa kiti cha jirani huku amenikaba shingo kwa furaha. Sasa basi.

Tuchukue pigo lenyewe lililomtia wazimu. Chini ya iningi ya tisa (nusu ya pili ya zamu ya mwisho, wenyeji wakipiga), sare, auti mbili (wapigaji wawili wameshatolewa), besi zote zina watu. Mrushaji wa wageni anatafuta kona ya nje, mpira unabaki katikati, mpigaji anauchapa ukapita kati ya wadakaji wa uwanja wa nje, ukaviringika hadi ukutani. Ingekuwa iningi ya tatu, wangeingia watatu na mpigaji angekuwa besi ya pili anajipangusa vumbi. Lakini mkimbiaji wa besi ya tatu alipokanyaga besi ya nyumbani, wenyeji walishaongoza na wageni hawana zamu tena, mchezo ukafa palepale. Mkimbio mmoja. Mpigaji naye anaandikiwa pigo la besi moja, kwa kuwa aliyeleta ushindi alisogea besi moja tu.

Mgeni akipiga mpira uleule juu ya tisa (nusu ya kwanza ya iningi, wageni wakipiga), anavuna mitatu na mchezo unaendelea. Ndiyo maana wenyeji wanajazana kwenye safu ya ushindi wa mkimbio mmoja: kanuni inawakatia hesabu. Homurani pekee ndiyo inayosalimika. Mpira ukivuka ukuta, wote waliokuwa kwenye besi wanahesabiwa.

Halafu kuna wanaojumlisha mikimbio ya nyumbani na ya ugenini na kulinganisha hivihivi. Jamani! Wenyeji wakiongoza baada ya juu ya tisa hawapigi tena. Gawanya kwa iningi kwanza, ndipo tuongee.

"Basi ni kelele zetu." Mwaka 2020 ligi kuu ya Marekani ilicheza msimu wa kawaida uliopangiwa mechi 60 kwa kila timu bila mashabiki, na wenyeji bado walishinda zaidi ya nusu. Kwa miongo mingi kiwango chao kimekuwa kwenye asilimia 54 hivi.

Kupiga mwisho? Mbona faida ya wenyeji inaonekana tangu iningi ya kwanza? Wapo wanaosema mrushaji wa wageni hupasha misuli, kisha anakaa benchi akipoa wakati timu yake inapiga, ilhali wa nyumbani anatoka kupasha moja kwa moja hadi kilimani pa kurushia. Naipenda nadharia hiyo kuliko ninavyoweza kuitetea. Safari, mazoea ya uwanja, mwamuzi anayependelea kwenye straiki za mpakani (mirusho iliyo ukingoni mwa eneo halali): kila moja ina hoja, na sijui niipe ipi sehemu kubwa.

Nitakubali jambo moja. Kwenye sare, makocha wengi wa ugenini humweka mrushaji wao bora akisubiri uongozi wa kulinda, wakati mwenzao wa nyumbani keshamwingiza wake. Juzi ilikuwa hivyohivyo: mrushaji bora wa wageni alibaki kwenye eneo la kupashia, koti mabegani, mechi ikiisha. Kama kuna mtu wa kumshangilia kwa ushindi ule, ni kocha wa wageni.